AS400 kuprinti kwenye printa za netiweki: Mwanza haitoki kitu, Dar inakata upande wa kulia

mzigo_kurasini:

Wakuu habari za kazi. Naomba msaada kwa yeyote anayezijua hizi AS400 (seva za IBM za ofisini) maana hapa ofisini nimebaki peke yangu, jamaa wa mkataba aliyekuwa anazihudumia kamaliza muda wake kaondoka na sasa kila printa ikigoma simu ni yangu.

Hali iko hivi. Sisi ni kampuni ya usambazaji, ofisi kuu Dar, stoo iko Kurasini na tawi liko Mwanza. Seva ni Power S914 ina IBM i 7.4, juu yake kuna programu ya zamani ya stoo na mauzo, ile ya skrini ya kijani, RPG tupu (lugha ya programu ya IBM). Miaka yote ripoti zilikuwa zinatoka kwenye lainprinta moja kubwa ya waya wa twinax (kebo za zamani za IBM) iko chumba cha seva, ikianza kazi mpaka mapokezi wanajua, ila riboni zake sasa hivi ni za kutafuta kwa tochi na fundi wake hapatikani. Mabosi wakaamua ipumzike, wakanunua HP LaserJet ya netiweki kwa ajili ya uhasibu, Mwanza wakapelekewa ile mashine inayoprinti na kuskani na kutoa kopi, na stoo wana Epson LQ-2190 ya zile hati za kupokelea mzigo zenye karatasi tatu za kaboni.

Yule jamaa kabla hajaondoka alitengeneza OUTQ (foleni ya kuprinti kwenye seva) hivi:

CRTOUTQ OUTQ(QGPL/UHASIBU) RMTSYS(*INTNETADR) RMTPRTQ('raw') AUTOSTRWTR(1) CNNTYPE(*IP) DESTTYPE(*OTHER) TRANSFORM(*YES) MFRTYPMDL(*HP4) INTNETADR('10.20.4.31')

Ya Mwanza ni hivyo hivyo ila nikifungua WRKOUTQD (maelezo ya foleni) naona imeandikwa LP kwenye jina la foleni ya printa, na IP yao 10.50.2.17.

Sasa matatizo. Uhasibu inatoka ila ripoti ya stoki ambayo ni kolamu 132 inakatwa upande wa kulia, kolamu ya jumla yote haionekani, na kila mara printa inasimama inaomba karatasi ya Letter mpaka mtu aende akabonyeze OK, wakati trei zote zina A4. Halafu mhasibu mkuu akitaka ukurasa wa 40 mpaka 42 tu anaweka vizuri kwenye WRKSPLF (orodha ya kazi za kuprinti) chaguo la 2, zinatoka zote mia tatu na ushee. Na jambo linalomuudhi zaidi, karatasi ikikwama katikati ile spuli faili (ripoti inayosubiri kuprintiwa) ishafutika kwenye seva, inabidi waendeshe ripoti upya.

Mwanza ndo kabisa, hakitoki kitu. Spuli faili inakaa SND (inatumwa), inarudi RDY (inasubiri), inaenda SND tena, QSYSOPR (foleni ya meseji za msimamizi) inajaa meseji za kwamba kutuma kumeshindikana. Naipingi kutoka kwenye laptop yangu inajibu vizuri.

Epson bado sijaigusa naiogopa. Nianzie wapi?

---

Babu_Twinax:

Karibu kijana. Kwanza usiwe na wasiwasi, hiyo mashine uliyonayo haina tatizo lolote la kuprinti kwenye netiweki, tatizo ni njia iliyochaguliwa. Na kwa taarifa tu jina AS/400 ni la 1988, ikaitwa iSeries 2000, System i 2006, na tangu 2008 mfumo unaitwa IBM i, lakini ukisema AS400 wote tunakuelewa, hata sisi tuliozeeka nazo tunaita hivyo hivyo.

Hiyo OUTQ yenye RMTSYS inatuma kwa LPR (itifaki ya kutuma kazi kwenye printa ya netiweki), poti 515. LPR ni ya zamani na ni ya upande mmoja. Raita (kazi ya seva inayotoa foleni kwenda printa) inachukua spuli faili nzima, inaibadilisha kuwa PCL (lugha ya printa za HP), inaisukuma kwenye printa, printa ikisema nimepokea basi seva inahesabu kazi imekwisha na inafuta. Ni kama kumpa kondakta wa basi bahasha pale stendi, basi likishaondoka wewe huna habari tena kama limefika au limeharibikia Morogoro. Ndo maana karatasi ikikwama hukuti kitu kwenye seva. Na kwa sababu faili inaenda nzima, kurasa za kuanzia na kuishia ulizoweka kwenye spuli faili LPR haizijali. Hapo hamna setingi ya kurekebisha, ndivyo ilivyo.

Kwa printa ya uhasibu hamia kwenye deviksi (printa iliyosajiliwa kwenye seva) ya *LAN. Hii inaongea na printa moja kwa moja poti 9100 na inasubiri majibu:

CRTDEVPRT DEVD(UHASIBU01) DEVCLS(*LAN) TYPE(3812) MODEL(1) LANATTACH(*IP) PORT(9100) FONT(11) FORMFEED(*AUTOCUT) PRTERRMSG(*INFO) TRANSFORM(*YES) MFRTYPMDL(*HP4) PPRSRC1(*A4) PPRSRC2(*A4) RMTLOCNAME('10.20.4.31') SYSDRVPGM(*HPPJLDRV)

Angalia hizo PPRSRC1 na PPRSRC2. Hapo ndipo kelele za Letter zinapokwisha, maana usipotaja, seva inafuata kilichoandikwa kwenye jedwali la aina ya printa, na mambo haya yametengenezwa Marekani, wao A4 hawaijui. PRTERRMSG(*INFO) nayo usiiache, karatasi zikiisha mtu akijaza printa inaendelea yenyewe, bila hiyo utakuwa unaamshwa kujibu meseji QSYSOPR kwa sababu ya rimu ya karatasi.

Draiva ya *HPPJLDRV inamuuliza printa kwa lugha ya PJL (amri za kuongoza printa) kama kurasa zimetoka kweli ndo inaachia spuli faili. Ikikwama katikati faili lako bado lipo. Na kurasa 40 mpaka 42 zitatoka hizo tu.

Sasa swali utakaloniuliza kesho ni programu. Zile RPG zenu zitakuwa zimeandikwa QGPL/UHASIBU humo ndani kila mahali na huwezi kuanza kuzikompaili zote. Huhitaji. Ukitengeneza deviksi inajizalia OUTQ yake QUSRSYS/UHASIBU01, hiyo iache. Wewe simamisha raita ya zamani kwa ENDWTR WTR(UHASIBU) OPTION(*IMMED), badilisha foleni ya zamani kwa CHGOUTQ OUTQ(QGPL/UHASIBU) RMTSYS(*NONE), washa deviksi kwa VRYCFG, halafu mwambie raita mpya asome foleni ya zamani:

STRPRTWTR DEV(UHASIBU01) OUTQ(QGPL/UHASIBU)

Watumiaji hawatajua kama kuna kitu kimebadilika. Ila hiyo STRPRTWTR uiweke kwenye programu ya kuwashia mfumo (tazama system value QSTRUPPGM), maana baada ya IPL (kuwasha mfumo upya) ile ya kawaida ya DEV(*ALL) itamrudisha raita kwenye QUSRSYS/UHASIBU01 na wewe utashangaa mbona ripoti zimerundikana.

Ripoti kukatwa kulia hiyo ni hesabu tu. Kolamu 132 kwa herufi 10 kwa inchi ni inchi 13.2. A4 ukiilaza ina inchi 11.69. Haiingii hata uiombe. Kwenye faili la printa (setingi za kuprinti) la hiyo ripoti weka CHGPRTF PAGRTT(*COR), itailaza karatasi na kubana herufi mpaka kama 13.3 kwa inchi, kolamu 132 zinakuwa kama inchi 9.9 zinakaa vizuri. Fanya kwenye faili la printa la programu yenu, usiguse QSYSPRT ya IBM, siku mkipandisha toleo itarudi ilivyokuwa.

---

kebo_nbi:

Niaje boss, salamu kutoka Nairobi. Babu ashamaliza ya Dar, wacha mimi niseme ya Mwanza maana hiyo maneno ya netiweki ndio kazi yangu ya kila siku.

Ulisema WRKOUTQD inaonyesha LP. Hiyo ndio shida, karibu nikuapie. Mashine nyingi za ofisi za kuprinti na kukopi foleni yao inaitwa lp, herufi ndogo, na zingine zinaangalia herufi kubwa na ndogo kabisa. Sasa ukiandika RMTPRTQ(lp) bila alama za kunukuu, CL (lugha ya amri ya AS400) inaigeuza inakuwa LP yenyewe, mashine inasema hiyo foleni siijui na inakata. Uhasibu jamaa aliweka 'raw' kwa alama, Mwanza akasahau. Simamisha raita kwanza, halafu:

CHGOUTQ OUTQ(QGPL/MWANZA) RMTPRTQ('lp')

Lakini usiandike lp kwa sababu mimi nimesema, print ukurasa wa konfigi wa hiyo mashine ama fungua IP yake kwa brauza uone upande wa LPD (huduma ya printa inayopokea LPR) inaitaje, Brother kwa mfano ni BINARY_P1, kila mtengenezaji ana lake.

Pili, hiyo kupingi kutoka laptop yako haisaidii sana. Laptop yako iko VLAN (kipande cha netiweki) nyingine na seva iko nyingine, na fayawoli ya VPN ya Mwanza inaweza kuruhusu wewe ikakataa seva. Jaribu kutoka kwa seva yenyewe, PING RMTSYS('10.50.2.17'), halafu ping ikijibu bado haimaanishi poti iko wazi. Andika STRTCPTELN RMTSYS('10.50.2.17') PORT(515), ikikaa kimya imeshika basi njia iko sawa, ikisema imekataliwa ama ikasubiri mpaka ikachoka, ongea na mtu wa fayawoli. Mwambie afungue 515 na 9100 za TCP, na 161 ya UDP nitakuambia kwa nini.

Kuna kitu kingine cha LPR kinasumbua watu kwa VPN. RFC 1179 ya 1990, kanuni ya LPR, inasema anayetuma lazima atoke kwa poti 721 mpaka 731. Printa nyingi siku hizi hazijali, lakini ziko zingine zinajali, na kama njiani kuna NAT inabadilisha poti ya kutokea, printa kali itakataa na wewe utaangalia setingi za OUTQ mpaka macho yaume. Kwa VPN ya tawi zima NAT usiweke, hakuna haja.

Tatu, hiyo 10.50.2.17 ni ya kudumu ama printa inapewa na DHCP, yaani inagawiwa na rauta yenyewe? Kama ni DHCP, siku stima ikipotea Mwanza ikirudi printa inaweza kuamka na IP ingine, na ripoti za mauzo zitaenda kwa simu ya mtu. Fungia hiyo anwani kwa rauta kwa MAC (namba ya kadi ya netiweki) ya printa, na uandike IP kwa kikaratasi ubandike kwa printa yenyewe, itakusaidia ukipigiwa simu na mtu asiyejua kitu.

---

mpita_njia77:

Mnajisumbua bure wakuu, kwa nini asitumie ile sesheni ya printa ya emyuleta (programu ya PC inayofungua skrini ya AS400)? PC ya mhasibu inafungua 5250, anaongeza sesheni ya pili aina ya printa, anachagua printa yoyote ya Windows, dakika mbili kazi imekwisha, hata printa ya USB inakubali.

---

Babu_Twinax:

@mpita_njia77 inafanya kazi ndugu yangu sikatai, na kama Mwanza wangekuwa na printa ya USB tu ningemwambia hivyo hivyo. Ila hapo raita anaishi ndani ya PC ya mtu. Mtu akienda chakula cha mchana akafunga sesheni, akizima PC saa kumi na moja jioni, Windows ikijisasisha usiku, ripoti za kufunga mwezi zinakaa foleni mpaka asubuhi. Nimeona ofisi ina PC moja chini ya meza imeandikwa kwa maka pen USIZIME, na kila mtu anaiogopa, mfagiaji naye anafagia kwa kuizunguka. Kwa ripoti za usiku hiyo si njia.

Na @kebo_nbi hiyo ya 161 malizia, usimuache mtu hewani.

---

kebo_nbi:

Hehe sawa babu. Ya 161 ni hivi. Draiva ya PJL ambayo babu ametaja inataka printa inayojua PJL vizuri. Printa ikiwa inadanganya ama haijui kujibu ukurasa umetoka, raita inasimama na CPD337F kwa log, hiyo meseji utaijua kama jina lako. Hapo badala ya *HPPJLDRV unaweka SYSDRVPGM(*IBMSNMPDRV). Data bado inapita 9100 lakini hali ya printa, karatasi imeisha ama mlango uko wazi, inaulizwa kwa SNMP (itifaki ya kuuliza hali ya vifaa), UDP 161. Sasa watu wa usalama wengi wanazima SNMP kwa printa ama wanabadilisha jina la jumuiya (ni kama nywila yake) kutoka public, na hapo raita haiwezi kusoma hali. Si lazima uache wazi kwa dunia nzima, ruhusu IP ya seva tu isome.

Na kabla mabosi wako wanunue printa zingine, waambie hivi: printa za bei ya chini kabisa zile ambazo akili yote iko kwa draiva ya Windows, AS400 haiziwezi. Haina draiva ya Windows ya kuziongelesha, yenyewe inatuma PCL ama ESC/P (lugha ya printa za Epson). Kwa boksi wakiona printa haitaji PCL 5 popote, waiwache dukani hata kama imepunguzwa bei.

---

mzigo_kurasini:

Wakuu mbarikiwe sana.

Mwanza ilikuwa herufi kubwa kama kebo alivyosema. Nimefungua ukurasa wa mashine kwa brauza foleni inaitwa lp, nikaweka kwa alama za kunukuu, foleni yote iliyokuwa imelala ikaanza kutoka, binti wa tawi ananipigia simu anauliza nizime wapi. Nimewaacha kwenye LPR kwanza maana wao wanatoa invoisi za ukurasa mmoja mmoja tu.

Uhasibu nimehama kwenye deviksi kwa njia ya babu, kurasa 40 mpaka 42 zimetoka tatu, A4 haiombi tena Letter, ripoti ya stoki na PAGRTT(*COR) jumla inaonekana. Mhasibu mkuu kaniita ofisini kunishukuru, jambo ambalo si la kawaida kwake.

Ila kumezuka jipya. Ile HP inatumiwa pia na PC za Windows za uhasibu. Sasa tangu nibadilishe, wakituma barua au Excel inakaa muda bila kutoka, printa inasema iko bizi wakati haiprinti chochote, halafu ghafla zinatoka zote. Wanasema AS400 imewaibia printa. Ni kweli?

Na ile Epson ya stoo bosi wa stoo anataka wiki hii hii.

---

Babu_Twinax:

Ni kweli kabisa wanasema ukweli. Raita ikimaliza kuprinti haiachii muunganiko mara moja, inaushikilia ikisubiri faili nyingine, na poti 9100 inahudumia mteja mmoja kwa wakati. Tazama INACTTMR (muda wa kushikilia muunganiko) kwenye deviksi, kama ni *NOMAX basi haiachii kamwe mpaka raita izimwe. Zima raita, zima deviksi, halafu CHGDEVPRT DEVD(UHASIBU01) INACTTMR(*SEC15), washa tena. Sekunde 15 baada ya faili la mwisho inaachia na Windows wanapita. Wakati AS400 inatoa ile ripoti ya kurasa mia tatu wao watasubiri tu, hapo hakuna dawa zaidi ya kununua printa ya pili, na hilo nadhani hata mhasibu mkuu anajua.

Epson namuachia dada_spuli, yeye ndo wa stoo na makaratasi ya kaboni.

---

dada_spuli:

Nimeitwa nimefika. Kaka mzigo, Epson usiiogope, inaogopesha kwa kelele tu.

Kwanza LQ-2190 yenu ina kadi ya netiweki au haina? Kama ina tundu la USB na lile pana la paralelo tu, tafuta kile kiboksi kidogo cha printa seva, upande mmoja kebo ya netiweki upande mwingine paralelo. Hapo rudi kwenye LPR, OUTQ ya RMTSYS, jina la foleni lisome kwenye karatasi ya kiboksi. Usijaribu draiva ya PJL hapa, dotimatriksi haijui PJL, itaandika yale maneno ya PJL kwenye hati ya mteja. Aina weka MFRTYPMDL(*EPLQ2550), LQ-2190 inaielewa lugha hiyo ya ESC/P.

Ngoma ipo kwenye urefu wa karatasi. Hati zenu za kupokelea mzigo naamini si ndefu kama karatasi ya kompyuta ya kawaida, nyingi ni nusu, inchi 5 na nusu kati ya mstari wa matundu na mwingine. Programu za zamani nyingi zinakuja na PAGESIZE(66 132), mistari 66 kwa mistari 6 kila inchi ni inchi 11, kwa hiyo hati ya kwanza itatoka vizuri, halafu printa itaruka nusu nyingine tupu, kila hati moja inayotoka moja inapotea, na hizo fomu zina namba za mfululizo, stoo watakulilia. Nusu ni mistari 33:

CHGPRTF FILE(MAKTABA/HATIMZIGO) PAGESIZE(33 80) LPI(6) OVRFLW(30) FORMFEED(*CONT)

Majina ya faili na maktaba badilisha ya kwenu. OVRFLW (mstari wa kuhamia ukurasa mpya) lazima iwe ndani ya 33, ukiacha 60 itakukatalia. Kabla ya kubadilisha fungua spuli faili moja kwa DSPSPLF uangalie programu inaprinti mpaka mstari wa ngapi, ikiwa mstari wa sahihi uko wa 40 basi hata ubadilishe nini haitaingia kwenye nusu, inabidi mtu aguse RPG.

Halafu kuna jambo la mikono, si la seva. Mwambie kijana wa stoo akipanga karatasi aiache ukingo wa juu pale pale kwenye alama ya printa kabla ya kuwasha, maana printa inahesabu juu ya ukurasa ni pale ilipowashiwa. Akiivuta karatasi kwa mkono baada ya kuwasha, hati zote zitatoka zimeshuka mistari kadhaa na lawama zitakuja kwako wewe wa AS400. Akitaka kusogeza abonyeze vitufe vya printa. Na kaboni tatu, aangalie ile lever ya unene wa karatasi, ikiwa kwenye karatasi moja, nakala ya tatu ya dereva itatoka hafifu haisomeki kwenye mizani.

Nyongeza moja, hizo ripoti za stoki za kurasa mia tatu kwa nini mnaziprinti zote? Kama mna Transform Services, programu ya leseni 5770TS1, spuli faili inageuka PDF hapo hapo:

CPYSPLF FILE(STOKI) TOFILE(*TOSTMF) TOSTMF('/ripoti/stoki.pdf') WSCST(*PDF)

Mhasibu anafungua kwenye PC yake, anatafuta bidhaa anayotaka, akitaka karatasi anaprinti hizo tatu zake. Andika GO LICPGM chaguo la 10 uone kama ipo.

---

kebo_nbi:

@dada_spuli hapo kwa PDF umenigusa, kuna mteja wangu bado anaprinti leja nzima kila Ijumaa na hakuna mtu anaisoma.

Mzigo moja ya mwisho kwangu. 9100 na 515 zote data inapita bila kufichwa, mtu aliye kwa swichi hiyo hiyo anaweza soma invoisi zenu. Mwanza iko ndani ya VPN sawa, lakini hapo Dar printa usiziweke kwa Wi-Fi ya wageni hata kama ndio iko karibu na tundu.

---

mzigo_kurasini:

INACTTMR ilikuwa *NOMAX kweli, nimeweka *SEC15, Windows wametulia. 5770TS1 ipo, ila option ya 1 haionekani kwenye orodha, hiyo ndo ya PDF au?

Epson haina kadi ya netiweki, ina USB na paralelo. Kiboksi nimekipata Kariakoo, foleni yake kwenye karatasi imeandikwa lpt1 kwa herufi ndogo, nimeweka kwa alama za kunukuu. Hati zetu za nusu umepatia dada, PAGESIZE ilikuwa 66. Mstari wa sahihi uko wa 31, nimeweka OVRFLW(32), inatosha?

---

dada_spuli:

Ndiyo, option ya 1 ndiyo yenye PDF, bila hiyo WSCST(*PDF) itakukatalia. Tafuta DVD au picha ya ISO ya 7.4 mliyopewa na leseni, RSTLICPGM, au muulize aliyewauzia seva.

OVRFLW(32) sawa. Printi hati tano mfululizo siyo moja, na uziweke juu ya dirisha dhidi ya mwanga moja juu ya nyingine, kama namba ya hati inashuka hata robo ya mstari kwa kila moja basi LPI (mistari kwa inchi) ya programu siyo 6, rudi hapa na picha ya WRKSPLFA (sifa za spuli faili).